Barua kwa mwanangu: kwa nini seli za mgonjwa mwenyewe zilishindwa

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Dodoma upepo wa Julai umeanza, vumbi mpaka kwenye sahani. Umeuliza: ikiwa tiba hii mpya ya leukemia (saratani ya damu), iitwayo CAR-T, hutumia seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, mbona hazikufanya kazi hiyo tangu mwanzo?

Hazikuwa zinaona. Seli T, askari wa kinga wanaoua seli mbaya, husubiri seli nyingine iionyeshe vipande vya protini, na seli ya leukemia, kwa kuwa imetoka humohumo mwilini, hupita kama mwenyeji. Kwa hiyo seli T hupachikwa kipokezi cha kutengenezwa. Sehemu ya nje hunasa CD19, protini iliyo juu ya seli B (seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili), nzima na za saratani. Ndani kuna ishara mbili: moja ya kuua, nyingine ya kuishi na kuzaana. Vipokezi vya mwanzo vilikuwa na hiyo ya kuua tu, seli zikachoka upesi.

Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine kwa saa kadhaa. Seli nyeupe zinabaki, nyingine zinarudi mwilini. Maabara huziamsha seli T kwa shanga ndogo za sumaku zilizopakwa kingamwili, kisha virusi visivyoweza tena kuzaana huingiza jeni ya kipokezi. Hukuzwa siku kama 10, shanga hutolewa, seli hugandishwa chini ya nyuzi -120. Kosa la hapa halisameheki. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba seli moja tu ya leukemia ilijipenyeza kwenye chombo ikapokea jeni ileile. Kipokezi kikaifunika CD19 yake yenyewe, seli T zikaipita bila kuiona, na ugonjwa ukarudi baada ya miezi 9.

Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa za kemo, fludarabini na siklofosfamidi, kinga ya zamani ipungue wageni wapate nafasi. Mfuko wa seli huyeyushwa kwenye nyuzi 37, na ukishayeyuka usikae zaidi ya dakika 30. Muuguzi aliyezoea kuongeza damu asije akaweka kichujio cha seli nyeupe: atakuwa ameichuja dawa yenyewe. Mtoto wa kilo 20 hupewa seli kati ya milioni 4 na milioni 100. Usishangae, dawa inayozaana yenyewe haipimwi kama panadoli.

Kuzaana huko ndiko kunakoleta hatari. Seli zikianza kuua humwaga saitokini, kemikali ambazo seli za kinga huitana nazo: homa kali, presha inashuka, pumzi inakata. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kutibiwa hivi kwa leukemia, Philadelphia mwaka 2012, alikaribia kufa mpaka alipopewa tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi inayoziba njia ya saitokini moja, IL-6. Kipimo ni miligramu 8 kwa kilo, au 12 kwa mwenye uzito chini ya kilo 30. Dozi mbili ziwe wodini kabla mfuko haujayeyushwa, si ziagizwe mgonjwa akishazidiwa.

Ubongo nao hudhurika, na hapo tosilizumabu haisaidii sana. Hutumika dawa za steroidi. Njia ya kuyagundua mapema madhara hayo ya ubongo naipenda kwa urahisi wake: kila siku mgonjwa huandika sentensi ileile. Mwandiko ukianza kupinda, daktari anaitwa kabla degedege halijafika.

Nisikupambie. Katika utafiti wa wagonjwa 75, watoto na vijana, asilimia 81 saratani yao ilizimika ndani ya miezi 3, lakini kufika mwaka mmoja ni kama nusu tu walioendelea bila ugonjwa kurudi, tiba kushindwa au kifo. Baadhi ya seli za saratani huivua CD19, na kipokezi kinakosa cha kushika. Seli B nzima nazo hufa, hivyo wengi huhitaji dripu ya kingamwili kwa muda mrefu.

Kuhusu kuifanya huku kwetu: Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na kumlinda mtu asiye na kinga ni kazi ileile. Kikwazo ni maabara ya kutengenezea seli, na bei. Marekani ilipoidhinisha tiba hii mwaka 2017 ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. India iliidhinisha ya kwake mwaka 2023, kwa bei ya chini mno kuliko hiyo. Ukitaka kujifunza utengenezaji, ningeangalia huko kwanza.

Mama yako,
Dodoma