Filamu ya majaribio haramu hospitalini: mwovu wako anahitaji faili, si handaki

Mkuu, umeomba ushauri wa skripti: hospitali kubwa, madaktari wanawafanyia wagonjwa majaribio kwa siri, daktari kijana anashtuka, na unataka mtazamaji anayefanya kazi wodini asicheke. Muhtasari wako nimeusoma. Handaki chini ya mochwari litoe. Lifti ya siri na wagonjwa wanaotekwa usiku, vitoe pia. Haviogopeshi hata nusu ya yale yaliyowahi kufanyika mchana kweupe, yenye bajeti, fomu na ripoti zilizochapishwa.

Chukua Tuskegee, Alabama. Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 kuanzia 1932 hadi 1972, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili ione ugonjwa unavyomla mtu asiyetibiwa. Ripoti ya kwanza ilitoka 1936. Madaktari waliisoma wakafunga jarida, wakaendelea na shughuli zao. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida katikati ya miaka ya 1940, wale hawakupewa. Ili waje kutolewa maji ya uti wa mgongo walipelekewa barua ikiwaambia kwamba hiyo ni nafasi ya mwisho ya matibabu maalumu ya bure. Familia ziliahidiwa kulipiwa mazishi endapo zingeruhusu maiti ipasuliwe. Hebu itazame hiyo kama mwandishi: mtu anaweka sahihi ili azikwe kwa heshima, na aliyemshikisha kalamu anasubiri azikwe ili takwimu zitimie. Hakuna handaki litakalokupa tukio kama hilo.

Au Brooklyn, 1963, katika Jewish Chronic Disease Hospital. Dakta Chester Southam na wenzake waliwachoma wagonjwa 22 seli hai za saratani chini ya ngozi. Wagonjwa waliambiwa ni kipimo cha kinga ya mwili; neno saratani halikutamkwa. Madaktari watatu vijana walikataa kushiriki, wakaacha kazi. Southam aliwekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, na miaka michache baadaye akawa rais wa American Association for Cancer Research, chama cha watafiti wa saratani cha Marekani. Mwisho wako wa mwovu kupigwa risasi juu ya paa uupime na huo.

Sasa mwovu mwenyewe. Asicheke peke yake gizani. Mpe hoja ambayo mtazamaji ataikubali kwa dakika mbili kabla ya kujichukia. Kule Willowbrook, kituo cha kulelea watu wenye ulemavu wa akili huko Staten Island, New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi kuanzia 1956, na utetezi ulikuwa kwamba wangeipata tu, kwa jinsi kituo kilivyojaa uchafu. Wazazi walisaini. Lakini kufikia 1964 kituo kilikuwa kimejaa na hakipokei tena, isipokuwa wodi ya utafiti, iliyokuwa bado na vitanda. Andika tukio la mama aliyechoka, fomu mezani na mlango mmoja tu ulio wazi. Sahihi ni halali. Ridhaa haipo.

Nije kwenye kiini cha swali lako: daktari kijana anagunduaje? Katika rasimu yako anasikia kelele chini ya sakafu. Badala yake mpe karatasi ya nesi. Mgonjwa amepewa dawa saa 2:00 asubuhi. Damu imetolewa kabla ya dozi, halafu saa 2:15, 2:30, 3:00, 4:00, 6:00, 10:00 na kesho yake saa 2:00 asubuhi. Tyubu nane, mililita 4 kila moja, kizibo cha zambarau. Mtu wa kawaida ataona ni uangalizi mzuri. Aliyewahi kushika utafiti wa dawa mpya ataganda hapohapo, kwa sababu mpangilio huo wa robo saa, nusu saa, saa moja, mbili, nne, nane na ishirini na nne ni wa kuchora mstari wa dawa inavyopanda na kushuka katika damu. Daktari wa wodi hana haja nao. Akitaka kujua kiwango cha dawa, mara nyingi humtosha kipimo kimoja kabla ya dozi inayofuata. Kamera ikae juu ya karatasi hiyo sekunde tano bila muziki.

Kutoka hapo nyuzi zinajifungua zenyewe. Tyubu zile hazikwenda maabara ya kawaida: zilizungushwa kwenye mashine kutenga plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe, zikagandishwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, zikibandikwa namba bila jina. Maabara ya hospitali inayopima sampuli siku hiyohiyo, friza la namna hiyo la nini? Na hapa una kosa zuri la kumnasa mwovu: damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe hupasuka na plazima hutoka nyekundu. Sampuli imeharibika. Msaidizi anarudi kumchoma mgonjwa tena dakika arobaini baadaye, na muuguzi wa zamu mpya, asiyejua lolote, anaandika. Sasa kuna kumbukumbu mbili kwa sampuli moja, na mojawapo haimo kwenye daftari la mtafiti.

Fomu ya ridhaa nayo usiipite haraka, ndiyo silaha ya filamu nzima. Usiweke sahihi ya kughushi, hiyo imechakaa. Weka sahihi halisi. Imesainiwa saa 4:10 asubuhi. Chati ya dawa inaonyesha midazolamu, dawa ya kusinzisha, miligramu 5 kwenye mshipa saa 3:55. Mtu aliyepewa dawa hiyo anaweza kuongea, kutabasamu, hata kushika kalamu na kuandika jina lake, na asikumbuke lolote baadaye. Mwandiko utaonyesha: herufi za kwanza zimenyooka, za mwisho zimeteremka chini ya mstari. Shahidi aliyesaini, angalia ratiba ya zamu, siku hiyo alikuwa likizo.

Umeuliza pia kamati ya maadili itakuwa wapi. Usiifanye ya wala rushwa, ni njia ya mkato. Kamati huona karatasi. Mara nyingi haiingii wodini. Itifaki, yaani mpango wa utafiti, iliyoidhinishwa ni ya kupima shinikizo la damu tu. Kinachofanyika wodini ni kingine, mabadiliko hayakurudishwa mezani kwao. Mgonjwa akifa, kuna fomu ya madhara makubwa ambayo mtafiti hutakiwa kuituma haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu ajue, na ndani yake kuna kisanduku: je, kifo kinahusiana na dawa? Mwovu wako anaweka alama kwenye "hapana". Mauaji yote ya filamu yako yanaweza kufichwa kwa alama hizo, na hakuna anayehitaji kubeba maiti kwenye gari usiku. Mfamasia anaona chupa zenye namba, nesi anaona ratiba, mtakwimu anaona safu za namba. Kila mmoja ana kipande, na kila mmoja anaamini mwenzake amekagua.

Ile hewa ya kaboni monoksaidi uliyoiweka kwenye bomba la chumba cha upasuaji, watu watakuambia umeitoa kwenye filamu ya Coma ya 1978, iliyoongozwa na Michael Crichton. Ukiibakiza, jua hili: kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakitofautishi vizuri kaboni monoksaidi na oksijeni kwenye damu, hivyo kitaonyesha namba nzuri huku ubongo unakufa. Kinachomuumbua mwovu ni damu ya mshipa wa ateri kwenye mashine inayosoma aina za himoglobini moja moja. Na saa inamkimbia daktari wako, maana mgonjwa akiwa kwenye oksijeni tupu kiwango hicho hushuka nusu kwa muda wa kama saa moja hadi saa moja na nusu. Hiyo ni mbio bora kuliko za kwenye ngazi.

Wizi wa viungo uufute. Moyo nje ya mwili una saa 4 hadi 6, lazima ulingane na mpokeaji, na mpokeaji anywe dawa za kuzuia mwili usiukatae maisha yake yote. Unahitaji timu nzima ya watu, na siri ya watu wengi hivyo haikai hata wiki.

Madogo: moyo ukiwa mstari mnyoofu hawapigi shoti ya umeme, wanakandamiza kifua na kutoa adrenalini. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia mwenye mrija kooni hawezi kunong'ona jina la muuaji wake.

Kuhusu sehemu ya tatu, ambapo daktari anapiga simu moja na polisi wanajaa uani. Peter Buxtun, aliyefichua Tuskegee, alianza kulalamika ndani ya idara hiyohiyo 1966. Habari ilitoka magazetini Julai 1972, baada ya yeye kumpa mwandishi wa habari nyaraka. Katikati kulikuwa na vikao na majibu kwamba utafiti uendelee. Kwa hiyo irefushe: badala ya usiku mmoja, mpe miaka, na kila baada ya miezi kadhaa apokee barua yenye nembo, inayomshukuru kwa kuonyesha kujali.