Shauku ya Watu na Bei ya Hisa

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Ngamiani kinakusudia kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mmoja anasema bei ya kampuni fulani itazidi kupanda, kwa kuwa watu wengi wanaitaka. Je, shauku hiyo ni kigezo cha kutegemewa, au tuangalie hesabu za kampuni peke yake?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, shauku hiyo msiipuuze, ila mjue inawaeleza nini. Thamani ya hisa hutokana na faida na gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Bei ya leo hutokana na waliojitokeza leo kununua na kuuza, pamoja na matumaini na hofu zao. Viwili hivyo huweza kuachana kwa miaka. Nchini Marekani, kipimo cha bei za hisa katika soko la Nasdaq kilifikia pointi 5,048 tarehe 10 Machi 2000, wakati hisa za kampuni za intaneti zilipogombewa hata pale ambapo kampuni yenyewe haikuwa imepata faida kamwe, na kufikia Oktoba 2002 kilikuwa kimepoteza zaidi ya robo tatu ya pointi hizo.

Mwaka 2006 watafiti Malcolm Baker na Jeffrey Wurgler walionyesha kwamba hisia huziyumbisha zaidi kampuni changa, ndogo na zisizo na faida. Kampuni kama Tanga Cement, iliyoorodheshwa sokoni mwaka 2002, ina mauzo na gharama zinazohesabika, hivyo maneno ya mtaani yana pa kupimiwa.

Soko letu lina jambo lake, nalo naona linasahauliwa mno: hisa nyingi hukaa kwa wenyewe muda mrefu bila kuuzwa, kwa hiyo hata oda ndogo ya mnunuzi mwenye pupa huweza kupandisha bei. Mwombeni dalali wenu awaonyeshe idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, na ngapi zinasubiri wanunuzi au wauzaji. Bei iliyopandishwa na hisa mia chache haijathibitisha kwamba watu wengi wanaitaka kampuni hiyo.

Anzeni na taarifa za fedha za miaka mitatu au minne, mkadirie bei mtakayoridhika nayo, ndipo mzitazame hisia. Zikiipandisha bei kupita makadirio yenu, subirini. Hofu ikiishusha ilhali faida haijatetereka, nunueni. Na kwa kuwa siku ya kuuza huenda mnunuzi asipatikane upesi, fedha ya ada za watoto msiiingize humo.