Mbio za yadi 40 zilivyonilipisha kahawa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mwenzangu tunauza viatu vya mtumba Memorial, na usiku wa Jumamosi tunakesha na mechi za futiboli ya Kimarekani, za vyuo vya kule, kwenye simu. Yeye anashikilia kwamba mpokeaji wa pembeni, yule anayekimbia mbele kudaka pasi, hupimwa kwa mbio tu. Mwenye kasi zaidi ndiye achaguliwe kwanza kwenda NFL, ligi yao ya kulipwa. Mimi nabisha ila hoja sina. — Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwaka 2017 nami nilikuwa upande wa mwenzako. John Ross alikimbia yadi 40, ni kama mita 36 na nusu hivi, kwa sekunde 4.22 kwenye majaribio ya wachezaji wa vyuo kule Indianapolis, rekodi ya wakati ule. Nikatangaza kijiweni kwetu Kijenge kwamba mtu ndiye huyu. Timu ya Bengals ikamchukua, wa 9 kati ya wote waliochaguliwa na timu za NFL mwaka ule. Msimu wa kwanza, majeraha, hakudaka pasi hata moja. Mwaka huohuo timu ya Rams ilimchukua Cooper Kupp wa chuo cha Eastern Washington, wa 69, aliyekimbia 4.62. Msimu wa 2021 Kupp alidaka pasi 145, akasonga nazo yadi 1,947, akaongoza ligi kwa zote mbili. Kahawa ya siku ile nililipa mimi, na wanakijiwe hawajasahau.

Siku hizi mpira siutazami, natazama miguu. Kijana akitaka kukata ndani, je, anaanza kufupisha hatua mapema, beki akashtuka, au anageuka ghafla na kasi yake ileile? Halafu beki akimganda pale mstarini mchezo unapoanzia, akamsukuma kifuani: anajinasua kwa mikono, au anapelekwa nje kama mkokoteni? Chuoni wengi huachiwa nafasi kubwa mwanzoni, hivyo yadi zao nyingi zinadanganya. Na mpira audake kwa viganja, mbele ya mwili. Anayeukumbatia kifuani kama gunia la mahindi, simtaki.

Umri nao uulize. Mtu wa miaka 23 kuwanyanyasa watoto wa 19 si ajabu.

Najua mwenzako atakuja na Xavier Worthy, aliyekimbia 4.21 mwaka 2024, timu ya Chiefs ikamchukua wa 28. Mwambie Worthy alikuwa anang'ara pale chuo cha Texas tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, 2021. Halafu muulize alianza kumfuatilia lini, kabla ya zile mbio au baada.