Je, nguruwe wa mazoezi ya upasuaji husikia maumivu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu anasomea upasuaji. Ametoka kwenye mafunzo ya kutibu majeraha makubwa, anasema walifanyia mazoezi nguruwe hai aliyelazwa kwa nusukaputi. Mnajuaje kwamba amelala kweli, si kwamba ameshindwa tu kujitikisa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi. Zipo dawa za kulegeza misuli zinazomfanya mnyama atulie tuli huku yu macho na maumivu anayasikia yote. Mimi kwenye mazoezi haya sizitumii. Nikizitumia nitajuaje kama ameamka?

Kwanza nguruwe hudungwa shingoni, nyuma ya sikio, mara nyingi ketamini, dawa ya usingizi, pamoja na dawa ya kumtuliza. Akilegea tunatafuta mshipa wa sikioni, kisha tunampitishia mpira wa kupumulia. Hapo pana kazi: kinywa ni kirefu na chembamba, na koo hujifunga likiguswa tu, hivyo hupuliziwa lignokeini, dawa ya ganzi, kwanza. Baada ya hapo ni gesi ya isoflureni. Lakini gesi hiyo hulaza tu, haiondoi maumivu, ndiyo maana tunaongeza fentanili.

Kabla ya kisu, nambana kwa kibano katikati ya kwato. Akivuta mguu, hakuna anayekata. Naligusa na taya: likiwa bado linakaza, tunasubiri.

Ugumu unaanza damu ikimwagika, na mafunzo yenyewe ni ya damu. Presha inashuka, na isoflureni nayo inaishusha, kwa hiyo msimamizi wa usingizi hushawishika kupunguza gesi ili presha ipande. Usingizi unapungua wakati jeraha liko wazi! Afadhali aongeze maji ya mshipani na kumbana tena kwato.

Joto nalo halisahauliki. Wapo nguruwe, hasa wa aina ya Pietrain na Landrace, waliorithi kasoro inayofanya gesi hii iwakakamaze misuli na kuwachemsha mwili ghafla. Dawa yake ni dantrolini, na inatakiwa iwe karibu.

Mazoezi yakiisha haamshwi. Hupewa dozi kubwa ya pentobabitali, dawa ya usingizi inayomuua kwa wingi huo, akiwa bado amelala.

Muulize mdogo wako: nani alikaa kichwani pa mnyama muda wote, bila kushika kisu? Akishindwa kumtaja, niandikie tena.