Mfupa wa Shavu Ukivunjika: Macho Kwanza, Kisha Kalenda

Pigo la shavuni huleta uvimbe haraka, na uvimbe huficha mfupa uliobonyea. Kwa hiyo usiuamini uvimbe. Simama nyuma ya mgonjwa aliyekaa, mwangalie kutoka juu ulinganishe mashavu. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa chini wa tundu la jicho. Palipovunjika utahisi kama ngazi ndogo. Muulize kama mdomo wa juu, ubavu wa pua na fizi za juu vina ganzi, kama kinywa kinafunguka sawasawa, na kama anaona vitu viwili viwili.

Jicho ndilo la kwanza. Likianza kuuma sana, kutokeza nje na kupoteza uoni, huenda damu inajikusanya nyuma yake. Hiyo ni dharura ya dakika, wala haingoji picha. Mtoto asiyeweza kuinua jicho huku akitapika naye apelekwe hospitali mara moja, hata jicho likionekana jeupe tu: msuli waweza kuwa umebanwa kwenye ufa.

Kipimo cha CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) huonyesha mfupa umesogea kiasi gani. Usiposogea, hauhitaji kisu. Ukisogea na kubadili sura, kuzuia taya au kuvuruga uoni, upasuaji hufanywa kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7, uvimbe ukishapungua. Usivuke wiki 2 bila sababu. Kufikia wiki ya 3 mfupa huwa umeanza kuunga ulivyopinda, na mara nyingi daktari hulazimika kuuvunja upya.

Tao la pembeni, yaani mfupa mwembamba utokao shavuni kuelekea sikioni, likibonyea peke yake, hukatwa sentimita 2 hivi ndani ya nywele za panja, chuma cha kuinulia kikapitishwa chini ya utando mgumu unaofunika msuli, na mfupa ukanyanyuliwa. Chuma kinyanyue, kisiegemee fuvu. Mara nyingi tao hutulia bila kufungwa bamba la chuma.

Mfupa mzima ukihama, kazi ni nyingine. Umeshikamana na uso sehemu kadhaa, kwa hiyo ukiunyoosha upande mmoja waweza kubaki umezunguka upande wa pili. Daktari huufikia kupitia ndani ya mdomo, karibu na nyusi na, ikibidi, kwenye kope ya chini, kisha huufunga kwa mabamba madogo ya titani na skrubu. Kosa kubwa ni kukaza skrubu kabla mfupa haujakaa mahali pake. Bamba zuri hushikilia kosa vizuri vilevile. Kope ya chini nayo ikishonwa kwa kuvutwa, hugeuka nje.

Usiku wa kwanza, uoni upimwe mara kwa mara, kwa hiyo jicho lisifunikwe kwa bandeji. Lala kichwa kikiwa juu, usilalie upande ulioumia, kula vyakula laini. Usipenge kamasi kwa wiki kadhaa, na ukipiga chafya acha kinywa wazi: hewa ya puani husukumwa kuzunguka jicho. Ganzi huchukua wiki hadi miezi kupungua, na kwa wengine hubaki kidogo.