Kazi nne za wateja wanne kwa mara moja: kwa wadogo zangu mnaoanza kusimamia ujenzi

Assalaam aleikum. Haya nawaandikia vijana mliotoka mafunzo ya amali, au mliokua chini ya fundi mkubwa na saivi mmeanza kuchukua kazi zenu wenyewe. Suali ninaloulizwa sana ni moja tu, ntasimamia vipi nyumba tatu nne kwa pamoja bila ya mteja kunipeleka kwa sheha. Inawezekana, na kwa bei za kazi zetu hapa Unguja huna budi uweze, maana nyumba moja tu hailishi timu mwaka mzima.

Nnachotaka mshike ni hichi: kila kazi ya ujenzi ina siku za kufanywa na ina siku za kusubiri, na za kusubiri ni nyingi kuliko mnavodhania. Anaejua kila kazi yake inasubiri nini leo anaweza kuwa na nne akalala usingizi, na asiejua atababaika hata na mbili.

Chukua slebu, yani lile zege la dari. Ukishamwaga zege leo, kesho halitaki fundi, linataka maji. Unalimwagia asubuhi na jioni, na kwa jua la kaskazi hata mchana, siku 7 zisizopungua, na zile nguzo za muda zinazoishikilia kwa chini huzigusi mpaka wiki 2 au 3 zitimie kulingana na upana wa chumba, na ile nguvu yake inayopigiwa hesabu na mainjinia ni ya siku 28. Sasa waashi wako wiki hizo wanakwenda wapi? Ukiwa huna jibu utawaweka pale pale wakipiga vijikazi vidogo vidogo huku unawalipa, au watakwenda kwa msimamizi mwengine na siku ukiwataka hawapatikani. Ukiwa na nyumba ya pili inayotaka kuta wiki hiyo hiyo, bas, unawahamisha, unabakisha kijana mmoja na mpira wa maji. Na huyo kijana mwambie akutumie picha kila jioni, picha ya slebu yenyewe imerowa mpaka kwenye kona, maana kona na kingo ndo zinazosahauliwa na ndo zinazoanza kupasuka.

Mji Mkongwe kusubiri kwake ni kwengine. Nyumba zile kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, kwaiyo lipu yake nayo iwe ya chokaa, ukipiga simenti juu yake unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakaa ndani, alafu baada ya muda lipu inabanduka vipande vipande na mteja anakuita wewe. Na chokaa haina haraka, mkono wa kwanza unauwacha ukauke siku kadhaa kabla ya kupiga wa pili. Kabla ya yote hayo kuna kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, mji ule uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, huvunji ukuta wala hubadilishi dirisha kwa makubaliano yako wewe na mwenye nyumba tu. Alafu gari haliingii kwenye vichochoro, kila mfuko wa simenti na kila ndoo ya mchanga inaingia kwa hamali na gari la mkono, kwaiyo kazi inayochukua siku moja Fuoni, ndani ya Mji Mkongwe usiipe siku moja.

Ndo maana mteja mpya akikupigia usimuulize tu kiasi gani anatoa. Muulize kazi imefika wapi, alafu tazama kusubiri kwake kunaingiana vipi na kwa kazi ulizonazo. Slebu mbili wiki moja ni balaa, unataka mashine ile ile ya kuchanganyia, vibarua wale wale na macho yako yale yale sehemu mbili. Lakini slebu moja, lipu ya chokaa moja, na nyumba moja iliyofika kwenye rangi, hizo zinakaa pamoja vizuri kabisa.

Weka daftari. Simu nzuri lakini simu inaisha chaji, inaibiwa, na meseji za mteja zinazama chini ya salamu za harusi. Kila nyumba ukurasa wake, na kila usiku andika mstari mmoja tu: leo kimefanywa nini, na kesho kinasubiriwa nini na kutoka kwa nani. Hilo la "kutoka kwa nani" msilipuuze. Dirisha linasubiri seremala, seremala anasubiri vipimo, vipimo viko kwako, kumbe nyumba nzima imesimama kwa ajili yako wewe na hujui.

Kalenda yetu nayo inataka kujuliwa. Masika kuanzia Machi mpaka Mei huchimbi msingi kwenye udongo wa tope ukategemea kwenda mbio, lakini Aprili na Mei ndo wageni wanapungua na hoteli za Paje, Jambiani na Nungwi zinafunga au zinapunguza vyumba, na zote zinataka matengenezo kwa wakati mmoja na zote zinataka zimalize kabla ya Juni. Kazi ya hoteli tarehe yake haisogei, mgeni keshalipia chumba, kwaiyo ukiichukua jua kwamba miezi hiyo ndo inayotangulia na nyengine zote zinaipisha, na uwaambie wateja wale wengine mapema. Ramadhani nayo inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, fundi aliefunga huwezi kumuweka juani mpaka alasiri, mimi siku ya Ramadhani naihesabu nusu siku na siku za Eid sizihesabu kabisa. Mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, yani unatoka Eid unaingia masika. Ukimuahidi mtu bila ya kutazama hayo umeshachelewa tangu siku ya kuahidi.

Vifaa vingi vinatoka Dar kwa boti, bahari ikichafuka au mzigo ukakaa bandarini hakuna wa kumlaumu, na mchanga hapa kwetu unatolewa kwa kibali cha Serikali kwenye maeneo maalumu. Agiza mapema. Kwa Pemba ndo zaidi, ukisahau boksi la swichi Unguja siku hiyo imekwenda.

Sasa pesa, na hapa naomba msome pole pole.

Pesa ya mteja mmoja isiingie kwenye kazi ya mwengine, hata kwa siku moja. Mambo yanaanza hivi: siku ya kulipa mafundi imefika, mteja wa pili hajatuma, na wewe mfukoni unazo pesa za nondo za mteja wa kwanza. Unasema nawalipa hawa leo, kesho akituma narejesha. Kesho hatumi. Wiki inapita, nondo imepanda bei, kazi ya kwanza inasimama, mteja anauliza, na njia pekee unayoiona ni kuchukua kazi ya tatu kwa ajili ya ile arubuni yake. Mkimuona mtu kila wiki ana kazi mpya na za zamani hazimaliziki, mara nyingi iko hapo. Fundi hodari kabisa anapoteza jina kwa njia hiyo bila ya kuiba hata senti moja, na mji wetu mdogo, jina likishaharibika Mwanakwerekwe jioni linajulikana Bububu.

Dawa ninayoitumia mimi ni kuwa pesa ya vifaa siishiki. Mteja nampa orodha, anakwenda dukani mwenyewe au anamtuma mtu wake, analipa, risiti yake, mzigo unashushwa kwake. Kwangu inapita pesa ya ufundi tu, na hiyo nayo kwa awamu, msingi, kuta, slebu, lipu, kila awamu inalipwa kabla ya kuanza inayofuata. Asiekubali awamu muombe radhi na umuache.

Mteja alieko Maskati au London anataka uangalifu zaidi maana haoni kitu, anaona unachomtumia. Mpangie siku maalumu, tuseme kila Ijumaa baada ya sala, picha za pembe zile zile kila wiki ili aone tofauti, na sauti ya dakika moja ukimwambia kilichofanywa na kilichokwama. Kilichokwama useme wewe kabla hajaambiwa na shangazi yake aliepita njia. Mtu akishazoea kwamba Ijumaa atakusikia, katikati ya wiki hakupigii, na utulivu huo ndo unaokupa nafasi ya kazi nyengine.

Kila nyumba iwe na mtu mmoja anaekujibia, sio lazima awe fundi bora kuliko wote, awe yule anaekupigia kabla ya kuharibu.

Na jihadharini na umaliziaji. Nyumba imebaki vitasa, kioo kimoja na bomba la jikoni, pesa kubwa umeshalipwa, moyo umeshahamia kwenye kazi mpya, na hapo ndo miezi mitatu inapita. Mimi natenga siku za umaliziaji za kila nyumba na siku hizo sianzi kazi yoyote mpya. Unakwenda na mwenye nyumba chumba kwa chumba, mnawasha taa zote, mnafungua mabomba yote kwa pamoja muone maji yanashuka vipi, mnafunga na kufungua kila mlango, mnaandika yaliyobaki na mnatia saini wote wawili. Yakishatengenezwa unachukua malipo ya mwisho na unamkabidhi funguo zake.