Gia za Noah zimegoma, ninunue giaboksi?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Nina Noah ya 1999, natoka nayo Wete kwenda Chake kila siku. Siku hizi inang'ang'ania gia moja, taa ya ovadraivu (gia ya juu kabisa) inawaka na kuzimika, mshale wa spidi unaanguka sifuri kisha unarudi. Naambiwa ninunue giaboksi nyengine.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usinunue bado, nakuomba. Taa hio ikipigapiga yenyewe ni kompyuta inakwambia imeona hitilafu ya umeme, ndo maana inaifunga gari kwenye gia moja ili giaboksi isiumie. Na huo mshale unaoanguka, kwangu mi ndo ushahidi mkubwa kwamba tatizo ni sensa ya spidi (kifaa kinachopima mwendo) au waya wake.

Anza na betri, gari imezimwa isome kama volti 12.6, ikiwaka 13.5 hadi 14.5, kisha kaza waya wa athi (ule unaotoka betri kwenda bodi). Halafu ingia chini uchomoe plagi ya sensa uiangalie vizuri mwangani, ukiona unga wa kijani kwenye vile vijino vya shaba vya plagi ujue chumvi ya bahari ishavila, sie wa visiwani ndo maradhi yetu haya. Safisha, kausha, rudisha, kisha mtu auchezeshe waya taratibu wakati gari inatembea kwenye jeki, we tizama mshale (stendi ziwe madhubuti, tafadhali, usitegemee jeki peke yake).

Mshale ukiruka, kata kipande hicho cha waya uunge upya kwa lehemu. Usipobadilika, pima solenoidi (vali za umeme zinazobadili gia) kwa mita, Toyota nyingi za zama hizo husoma omu 11 hadi 15. Oili ya giaboksi ikinuka kuungua, hapo ndo tutazungumza giaboksi.